Maswali ya Wasomaji: Sabwufa Ikae Wapi Sebuleni?

Ukurasa huu wa leo tumeutoa wote kwa sabwufa, yaani spika ya besi au sauti nzito, kwa kuwa barua zinazotufikia kutoka mitaa mbalimbali ya Nairobi zinaonyesha kwamba wengi wananunua vyombo vizuri kisha wanavunjika moyo vinapofika nyumbani. Tumechagua barua nne.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Donholm. Nimepanga nyumba yenye sebule ya mita 4.2 kwa mita 3.1, na dari liko mita 2.6 kutoka sakafuni. Kuta ni za mawe na sakafu ni ya vigae. Mimi ni mpenzi wa benga na rumba, na nilinunua sabwufa ya inchi 10 ili nilisikie vizuri gitaa la besi. Nimeiweka kwenye kona, kando ya meza ya runinga, nami huketi kwenye kochi lililoegemea ukuta wa nyuma, katikati kabisa. Taabu yangu ni kwamba noti moja ya gitaa hilo hunguruma hadi vioo vya dirisha vikatetemeka, ilhali nyingine inayofuata ni kama haikupigwa. Nikisimama kwenye mlango wa jikoni nasikia mambo mengine kabisa. Muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue ameniambia kwamba inchi 10 ni ndogo, niirudishe na kuongeza pesa nichukue ya inchi 12. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu yetu wa Donholm, pesa zako zishike kwanza. Kwa dalili ulizozieleza, sabwufa yako haina kosa, na hiyo ya inchi 12 ukiiweka kwenye kona ileile itakupa ngurumo ileile kwa ukubwa zaidi, pamoja na pengo lilelile. Kinachokusumbua ni chumba, na vipimo ulivyotuandikia vinatosha kulionyesha jambo hilo waziwazi.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Waya mnene kuliko zote katika gitaa la besi la nyaya nne, ukipigwa bila kubanwa, hutoa noti ya E inayotetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani Hz 41, na wimbi lake lina urefu wa mita 8.3 hivi. Nusu ya urefu huo ni karibu sawasawa na urefu wa sebule yako. Waya unaofuata ni wa noti ya A, Hz 55, na nusu ya wimbi lake ni mita 3.1, ambao ndio upana wa sebule yako. Wimbi linapokuta kuta mbili zilizoachana kwa nusu ya urefu wake, lile linalogonga ukuta na kurudi huungana na linalokuja, nayo mawili hutiana nguvu, hivi kwamba mgandamizo wa hewa unakuwa mkubwa kwenye kuta zote mbili na karibu kutoweka katikati. Ukilitikisa beseni la maji kwa mwendo unaolifaa utaona jambo hilohilo: maji hupanda na kushuka kwenye kingo huku ya katikati yakibaki karibu palepale.

Sasa tazama ulipoketi. Kwa urefu wa chumba uko ukutani, mahali ambapo E ina nguvu zake zote, na kwa upana uko katikati kabisa, mahali ambapo A haina nguvu. Nayo sabwufa umeiweka kwenye kona, ambako mawimbi yote ya chumba, ya urefu, ya upana na ya kimo, huamshwa kwa pamoja na kwa ukamilifu. Ndiyo sababu noti moja inakutikisa na jirani yake haisikiki, na ndiyo sababu mlango wa jikoni unakupa habari tofauti, kwa maana hapo umesimama katika sehemu nyingine ya mawimbi hayohayo.

Lipo jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa Marekani hailitilii maanani vya kutosha kwa ajili yetu. Nyumba nyingi za huko zina kuta za fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi za jasi, ambazo hunepa kidogo zinapogongwa na besi na hivyo kumeza sehemu yake. Kuta zetu za mawe ya kuchongwa, pamoja na zege la sakafu na dari katika nyumba za ghorofa, hazinepi, na wimbi hurudi karibu lote. Kwa hiyo ngurumo na mapengo ya sebule ya Nairobi huwa makali kuliko yanayoelezwa katika miongozo hiyo, na kuchagua mahali pa kuweka chombo kuna uzito mkubwa zaidi kwetu.

Njia ya kupatafuta mahali hapo haihitaji kununua chochote. Iondoe sabwufa kwenye kona, uiweke juu ya kochi pale unapoketi, karibu iwezekanavyo na kimo cha kichwa chako, kisha upige wimbo ambao gitaa lake la besi linapanda na kushuka noti nyingi, na urudie sehemu hiyohiyo. Halafu piga magoti, kichwa kikiwa chini karibu na sakafu, upite polepole kandokando ya kuta ukisikiliza. Njia ambayo sauti hupita kutoka kwenye kochi hadi hapo ulipo ni ileile itakayopita kutoka hapo hadi kwenye kochi, kwa hiyo unachokisikia ukiwa umepiga magoti ndicho utakachokisikia baadaye ukiwa umeketi. Wengi hukosea kwa kuchagua mahali ambapo besi ni kubwa kuliko pote, na hapo karibu kila mara ni kwenye kona, kwa hiyo wanarudi walikotoka. Sikiliza usawa. Tafuta mahali ambapo kila noti ina uzito unaokaribiana na wa mwenzake, hata kama kwa jumla sauti ni ndogo, kwa sababu udogo wa sauti unarekebishwa kwa kitufe ilhali pengo halirekebishiki kwa kitufe chochote. Ukiongeza nguvu ili A isikike pale ambapo haina mgandamizo, utaichosha amplifaya na kuipandisha E maradufu.

Kwa sebule yako ningeanzia kwenye ukuta mrefu wa kando, sentimita 40 hivi kabla ya kufika katikati ukitokea upande wa runinga. Hapo sabwufa iko karibu na mahali ambapo wimbi la E halina mgandamizo, kwa hiyo haiwezi kuliamsha kwa nguvu, na ngurumo ile itapungua sana bila noti yenyewe kufa. Kisha livute kochi mbele, hata kama ni nusu mita tu, na ikiwezekana lisogeze kidogo upande mmoja ili kichwa chako kitoke kwenye mstari wa katikati ambako A inazama. Najua sebule ya mita 3.1 haina nafasi ya kuchezea, na pengine mama watoto atakuwa na maoni yake kuhusu kochi linaloelea. Jaribuni pamoja, kwa kuwa sentimita 30 za kochi mara nyingi huleta tofauti ambayo maelfu ya shilingi dukani hayaleti.

Usihofu kwamba sabwufa ikiwa kando utasikia besi ikitoka kando. Sikio la binadamu hushindwa kutambua upande inakotoka sauti iliyo chini ya takriban Hz 80 likiwa ndani ya chumba. Ukianza kutambua, basi ama krosova, yaani kichujio kinachogawa sauti kati ya sabwufa na spika nyingine, imewekwa juu mno na sabwufa imeanza kubeba sauti za kiume, ama kuna kitu karibu nayo kinachotetemeka, kwa mfano grili ya dirisha au fremu ya picha.

Kabla sijaiacha barua yako, ninakusihi usibandike trei za mayai ukutani. Nimeziona katika vyumba vingi vya kurekodia vya mitaani, na ushauri huo bado unazunguka. Kitu chenye kina cha sentimita tano hugusa sauti nyembamba za juu peke yake, ilhali robo ya wimbi la noti yako ya E ni zaidi ya mita mbili. Trei hizo zitakifanya chumba kisikike butu huku ngurumo ikibaki vilevile, na juu ya hayo kadibodi kavu iliyotapakaa ukutani ni hatari ya moto katika nyumba yenye watu. Kochi kubwa, godoro lililosimamishwa na zulia zito vinasaidia sauti za kati, na hata hivyo navyo haviifikii besi ya chini kabisa.

Iwapo siku moja utapata nafasi na pesa za kuongeza, nunua sabwufa ya pili inayofanana na hiyo badala ya moja kubwa zaidi. Mwaka 2002 mtafiti Todd Welti wa kampuni ya Harman alichapisha uchunguzi kuhusu idadi ya sabwufa zinazotosha katika chumba, na miongoni mwa mipangilio iliyofanya vizuri ni ile ya sabwufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana, kwa kuwa kila moja hupunguza makosa ya mwenzake na watu walioketi viti tofauti wakasikia besi inayokaribiana. Alionyesha pia kwamba kuzidisha nne hakuleti faida kubwa. Kwako wewe unayesikiliza peke yako kwenye kochi moja, moja iliyokaa mahali pake inatosha.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Kasarani. Nina risiva ya sinema ya nyumbani, spika tano ndogo na sabwufa iliyounganishwa kwenye tundu lililoandikwa LFE, la sauti nzito. Kuna krosova ndani ya risiva na nyingine nyuma ya sabwufa, kuna kitufe cha fezi, yaani mpishano wa mawimbi, chenye 0 na 180, na kuna kitufe cha sauti. Nimevizungusha vyote hadi nimesahau vilikoanzia. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kukifanya chombo kimoja tu kiwe na mamlaka ya kugawa sauti. Kwa kuwa unayo risiva, iachie kazi hiyo na uizungushe krosova ya sabwufa hadi mwisho wa juu, kwani zikifanya kazi zote mbili sauti huchujwa mara mbili, na kati ya spika na sabwufa hubaki shimo. Sabwufa nyingi huikwepa krosova yao zenyewe mtu anapotumia tundu la LFE, lakini kuizungusha hadi juu hakudhuru.

Kwenye risiva, iambie kuwa spika zako ni ndogo, hata kama kiburi cha mwenye mali kinakataa, maana lugha hiyo ya risiva haihusu ukubwa wa kasha. Inauliza kama spika ibebe besi ya chini au ipumzishwe. Kisha weka krosova kwenye Hz 80, ambacho ndicho kiwango kilichowekwa katika vipimo vya THX, mfumo wa viwango vya sauti ya sinema, na kinachofaa vyumba vingi. Ikiwa spika zako ni zile ndogo sana zinazotosha kiganjani, panda hadi Hz 100 au 120, kwa kuwa haziwezi kushuka hadi 80, na katika hali hiyo iweke sabwufa upande wa mbele, karibu na spika mbili kuu.

Kuhusu fezi, hakuna jibu la kukariri. Sabwufa na spika zikiwa mahali tofauti, sauti zao hukufikia kwa nyakati tofauti, na pale krosova inapozikutanisha zinaweza kusaidiana au kufutana. Piga mlio wa majaribio wa Hz 80, unaopatikana kwa programu nyingi za bure za simu, keti mahali pako, na umwombe mtu wa nyumbani aibadilishe swichi kutoka 0 hadi 180 na kurudi. Palipo na sauti kubwa zaidi ndipo mahali pake. Ikiwa risiva yako ina maikrofoni ya kujipimia chumba, huenda ikaandika kwamba sabwufa iko mita nyingi zaidi ya zilivyo kwa futi ya kupimia. Usisahihishe. Vichujio vya ndani ya sabwufa huichelewesha sauti, na risiva imeuhesabu ucheleweshaji huo kama umbali.

Kitufe cha sauti ndicho kinachoharibu kazi nzuri. Weka katikati, endesha upimaji wa risiva, halafu sikiliza muziki unaoufahamu kwa siku kadhaa bila kukigusa. Besi iliyo sawa huitambui inapokuwapo. Unaitambua unapoizima na wimbo mzima ukaonekana umekonda. Jua pia kwamba sikio lenyewe huipunguza besi sauti ya jumla inapokuwa ndogo, jambo lililopimwa na Fletcher na Munson huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1933. Kwa hiyo ukisikiliza kwa sauti ya chini usiku utahisi kwamba sabwufa imelala. Unaweza kuiongeza kidogo kwa saa hizo, lakini irudishe asubuhi, la sivyo siku utakayopandisha sauti ya jumla itakufokea.

Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kupakua programu ya bure iitwayo Room EQ Wizard, akanunua maikrofoni ya kupimia ya USB, na kuona kwenye kompyuta mchoro wa kila ngurumo na kila pengo. Maikrofoni ya simu haitoshi kwa kazi hiyo, kwani nyingi zimetengenezwa kwa mazungumzo na hupunguza sauti nzito.

SWALI: Ninaishi South B, ghorofa ya tatu. Mzee wa chini amelalamika mara kadhaa kwamba sabwufa yetu inamnyima usingizi, nami nimepima kwa simu nikaona sauti ni desibeli 45 tu. Nimemheshimu kwa kuwa ni mtu mzima, lakini sioni kosa langu liko wapi. Nifanyeje?

JIBU: Dada yetu, mzee anasema kweli na simu yako haisemi uongo, tatizo ni kipimo kinachotumika. Programu nyingi za simu huonyesha desibeli za aina ya A, ambazo hukadiria usikivu wa sikio kwa sauti ndogo, na aina hiyo huipunguzia sauti ya Hz 50 takriban desibeli 30 kabla ya kukuonyesha tarakimu. Besi inayopita kwenye zege inaweza kuwa kubwa mno na simu ikaandika 45.

Fahamu pia msimamo wa sheria. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo iliyokithiri, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vya usiku vya maeneo ya makazi viko chini kuliko vya mchana. Ukisema haijafika saa nne haitakusaidia.

Mambo mawili yatapunguza taabu yake bila kukunyima muziki. La kwanza, inua sabwufa kutoka kwenye vigae kwa kuiweka juu ya mpira mzito au povu gumu, ili kasha lisitetemeshe zege moja kwa moja. Hili litaondoa sehemu tu ya mtetemo, kwani besi ipitayo hewani nayo hulisukuma zege, kwa hiyo usimwahidi mzee ukimya. La pili lina nguvu zaidi: isogeze sabwufa karibu nawe kabisa, ubavuni au nyuma ya kochi, kisha punguza sauti yake mpaka uisikie kama ulivyozoea. Ukiwa karibu nayo unahitaji nguvu ndogo zaidi, na nguvu hiyo ndogo ndiyo inayoshuka kwa jirani. Usawa wa noti unaweza kupungua kidogo ukilinganisha na mahali ulipopachagua mwanzoni, na kwa saa za usiku ningeukubali upungufu huo bila kusita.

Kisha shuka umsalimu, umwombe uingie kwake huku mtu wa kwenu akipiga wimbo mmoja juu. Msikilize pamoja, mkubaliane kiwango, na utie alama ya kalamu kwenye kitufe.

SWALI: Sabwufa yangu hutoa mvumo mfululizo hata kama hakuna kinachopigwa. Nikichomoa waya wa dishi kwenye dekoda, mvumo unakoma. Fundi ameshauri akate pini ya ethi kwenye plagi. Niko Embakasi.

JIBU: Mkatalie. Pini hiyo ndiyo inayokuokoa umeme ukivuja hadi kwenye kasha la chuma. Mvumo wako unatokana na stima yetu ya Hz 50 kuzunguka kati ya ethi mbili, ya soketi na ile inayofika kupitia waya wa dishi, kama ulivyothibitisha mwenyewe ulipouchomoa. Jaribu kwanza kuchomeka dekoda, runinga, risiva na sabwufa kwenye soketi moja yenye nafasi nyingi. Mvumo ukiendelea, mwite fundi wa dishi akague kama nguzo na waya wake vimeunganishwa na ethi moja ya jengo, au nunua kitenganishi kidogo cha transfoma kinachowekwa kwenye waya wa sauti kati ya risiva na sabwufa.